Profesa Alvin na Mchumba Aliyeombewa Viza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tubanane. Mlioko Darsait, kule Muscat, hiyo feni inayopiga kelele izimeni kwa nusu saa, hamtakufa. Mlioko Rusayl kwenye zamu, sikio moja kwangu, sikio moja kwa msimamizi. Mlioko Nairobi, Kangundo, Vihiga, karibuni sana. Leo nataka nyumba ijae, kwa sababu mtu tunayemkumbuka hakuwahi kukubali kula peke yake.

Tunamkumbuka Profesa Alvin Adagala. Alikuwa profesa wa hesabu. Alikuwa pia mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: profesa wa hesabu, na mtetezi wa haki za mashoga. Yote mawili, mtu mmoja, shati moja la mikono mifupi. Alifariki Muscat, Oman, wiki mbili zilizopita. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Haya nitakayosema nimeyapata kwa dada yake mdogo, Abigail, msusi wa pale Darsait. Tunajuana tangu nilipokuwa Muscat nikisambaza maji ya kunywa kwa gari, na hakuna nyumba ya Mkenya ambayo sikujua jikoni kwake kuna nini. Abigail amekaa na mimi kwenye simu siku tatu. Amecheka kuliko alivyolia. Ameniruhusu kusema yote, pamoja na yale yanayomwaibisha yeye mwenyewe. Na yapo, ngojeni tu. Majina ya watu wachache walioko bado Muscat nimeyabadilisha. Sheria ya kule mnaijua, na mdomo wangu mnaujua.

Alvin alizaliwa Chavakali, kaunti ya Vihiga. Babake ni Mwalimu Zakayo Adagala, aliyefundisha hesabu darasa la saba kwa miaka thelathini na mmoja. Mamake, marehemu Mama Peninah, alikuwa na duka la vitambaa. Abigail ndiye kitinda mimba. Anasema alipoanza kupata akili, kaka yake tayari alikuwa mtu mashuhuri kijijini, na alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ilikuwa hivi. Timu za mpira pale zilikuwa saba. Kila timu ilitakiwa icheze na kila timu. Kamati ya wazee ilipanga ratiba mara tatu, na mara tatu ikakuta timu moja ina mechi mbili siku moja, viwanja viwili tofauti. Watu wakashikana mashati. Alvin akachukua jivu la jikoni, akachora duara uani, akaweka timu zote saba kwenye duara na nafasi ya kupumzika katikati. Akawa anazungusha. Mechi ishirini na moja, wiki saba, kila wiki timu moja inapumzika. Hakuna ugomvi.

"Wazee walikuja kuangalia jivu kama wanaangalia maiti," Abigail ananiambia. "Mama akapiga kelele kwamba hakuna kufagia uani wiki nzima. Ratiba ile ilitumika mpaka mimi nilipomaliza shule."

Basi huyo ndiye Alvin. Akaenda chuo Nairobi. Akaenda Uskochi, akarudi na udaktari wa hesabu na mabegi mawili ya vitabu. Akaanza kufundisha chuo kikuu. Mwalimu Zakayo akawa anatembea Chavakali kifua mbele, watu wanampisha njia.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ikaja siku ya mjadala kwenye televisheni. Walikuwa wamealikwa watu wanne kuzungumza juu ya mashoga. Watatu walikuwa wanawazungumzia. Alvin akasema, "Mimi ni shoga, na mimi ni mwalimu wa hesabu. Ulizeni swali la upande mnaoutaka." Mtu mmoja akapiga simu, amekasirika, akauliza, "Profesa, watu kama wewe mko wangapi nchi hii?"

Alvin akasema, "Hesabu nzuri huanza na unachokiona. Mimi ni mmoja. Wewe ni mmoja. Tuko wawili, na tunazungumza. Tuendelee."

Kesho yake mwenye nyumba alimpa siku mbili ahame. Mwisho wa muhula chuo hakikumpa mkataba mwingine. Alihama kwa mkokoteni, ubao wa kuandikia umefungwa juu ya godoro, na anasemekana alimpigia hesabu mwenye mkokoteni jinsi ya kukata kona bila kitu kuanguka. Kikaanguka kimoja tu. Pasi.

Alipohamia, wakaanza kuja wenzake waliofukuzwa kama yeye. Kijana katimuliwa na baba. Dada katimuliwa na mwenye nyumba. Nyumba ya vyumba viwili ikawa na magodoro kumi na moja. Na hapo ndipo hesabu ilipoingia kazini. Wale watu walikuwa wanaogopa simu zao. Mmoja akikamatwa, simu ikifunguliwa, wote wamekwisha. Alvin akawapanga. Kila mtu anashika namba za watu wawili tu. Wawili basi. Habari ya hatari inazunguka kwa wote, lakini hakuna simu hata moja yenye orodha. Siku moja simu ya mwenzao ilichukuliwa kweli na polisi. Ndani yake walikuta fundi cherehani mmoja na mama mmoja wa kanisani. Wakairudisha.

Aliandika pia. Alienda kaunti tisa, akaandika habari za watu waliofukuzwa makwao na makazini, mmoja mmoja, kwa tarehe. Zile karatasi mawakili walizipeleka mahakamani. Kesi wakashindwa. Nasema tena, walishindwa. Nje ya mahakama watu walikuwa wanalia. Alvin akaangalia saa. "Kesi tumeshindwa," akasema, "chakula cha mchana hatujashindwa." Akawapeleka wote kula samaki.

Wakati huo alikuwa amekwisha hamia Muscat; hukumu ile aliifuata kwa ndege. Vyuo vya Nairobi vilikuwa vinamsifu barabarani na kumkimbia ofisini. Chuo kimoja cha Muscat kikamtaka. Abigail alikuwa huko tayari, anasuka. Akampokea uwanja wa ndege akiwa na kofia ya jua na chupa ya maji, akamwambia, "Bro, hapa hakuna televisheni. Sawa?"

"Sawa," Alvin akasema. "Hapa mimi ni mgeni wa watu. Nitafundisha, nitapika, nitanyamaza njiani."

Na ndivyo alivyofanya, miaka kumi na mmoja. Muscat hakubeba bango. Kazi ya Nairobi aliifanya kwa simu, kila Jumamosi asubuhi, mlango umefungwa. Lakini Ijumaa mchana mlango ulikuwa wazi. Ibada ya kanisa ikiisha, maana kule siku ya mapumziko ni Ijumaa, Wakenya wa Darsait walipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, nyumbani kwa Prof. Ugali, sukuma, kuku, na samaki wa soko la Mutrah. Mayaya, madereva, wahasibu, walinzi. Mimi nimekula pale zaidi ya nilivyokula kwangu. Ukifika kwa mara ya kwanza alikuuliza kitu kimoja tu: "Umekula lini mara ya mwisho na watu?"

Wanafunzi wake walimpenda vibaya. Soko la matunda lilipokuwa bado mtaa wa Mawaleh, alikuwa anawapeleka kutazama machungwa yanavyopangwa. Anamuuliza muuzaji, "Kwa nini umeyapanga piramidi?" Muuzaji anashangaa, "Yasianguke, ustadh." Alvin anawageukia wanafunzi: "Mmesikia? Watu wenye shahada walichukua miaka mia nne kuthibitisha kwamba huyu bwana yuko sahihi." Muuzaji akawa anampa machungwa ya bure, anamwita mwenzangu.

Na sasa tuseme habari ya friji.

Alvin alikuwa na friji bovu. Ijumaa moja mtu akamleta fundi, Philip Musembi, Mkamba wa Kangundo, fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha Rusayl. Mtu mkimya, mikono mikubwa. Akatengeneza friji, akala, akaondoka. Ijumaa iliyofuata friji likaharibika tena. Philip akaja. Ijumaa ya tatu likaharibika. Sisi tunakula, tunashangaa, friji gani hili lenye kuugua kila Ijumaa na kupona kila Ijumaa? Hatukuwa na akili hata moja! Baada ya miezi minne Philip akahamia pale. Muscat wanaume wawili kugawana nyumba ni jambo la kila siku, hakuna aliyeuliza. Wakaishi pamoja miaka tisa. Miaka tisa. Friji halikuharibika tena.

Jirani wa chini, tumwite Bi Muhsina, Muomani wa Unguja, mstaafu wa serikali, alikuwa anawapelekea biriani. Sahani moja kubwa, vijiko viwili. Abigail alikuwa anaona vile vijiko viwili, anaangalia pembeni.

Maana Abigail, wasikilizaji wapendwa, alikuwa na shida yake. Wanawake wa ibada, ambao ile televisheni ya Nairobi haikuwafikia, walikuwa wanamtaka Prof. Mtu ana kazi, anapika, anasali, hana mke! Kila wiki Abigail anasuka kichwa na huku anaulizwa: "Abi, kaka yako anangoja nini?" Siku moja vidole vimechoka, akajibu, "Ana mchumba."

"Anaitwa nani?"

"Joy."

Angeishia hapo, yangeisha. Lakini nani aliyewahi kuishia hapo? Joy akawa daktari wa meno. Kwa nini haji Muscat? Joy yuko Kanada. Kwa nini hawaoani? Joy ana shida ya viza. Na hapo Abigail akawa amejichimbia, kwa sababu ukimwambia Mkenya aliye ughaibuni kwamba mtu ana shida ya viza, umemwambia jambo analolielewa kuliko yote duniani. Susan, katibu wa ibada, mwanamke wa sauti, akaitisha maombi. Kila Ijumaa, dakika kumi, viza ya Joy. "Bwana, fungua mlango wa ubalozi!" Wakaomba miezi kumi na mitatu. Kuna waliofunga siku tatu. Siwataji, wanajijua. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Alvin alipojua, alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka Bi Muhsina akachungulia. "Abi," akasema, "umethibitisha kwamba yupo bila kuonyesha hata mmoja. Hiyo katika hesabu inaruhusiwa. Katika maisha sijui." Kisha akasema, "Wewe hukunitungia mchumba mimi. Ulijitungia wewe."

Abigail akaahidi atarekebisha. Ijumaa ikaja, Susan akapiga magoti kwa ajili ya Joy, Abigail akapiga magoti pia.

Kisha akafa rafiki yao wa Nairobi, mmoja wa wale wa magodoro. Alvin alikwenda kumzika. Aliporudi Muscat hakucheka siku mbili. Akamweleza Abigail kwamba tangazo la kifo lilisomwa redioni, marehemu kaandikwa mchumba wa msichana fulani ambaye hata hakumfahamu. Na yule mwanamume aliyeishi naye miaka sita, aliyemuuguza, alikuwa nyuma ya hema na wapishi, anakoroga sufuria ya wali. Hakuna aliyempa pole. Alvin alikwenda akasimama naye kwenye moshi.

"Abi, nikifa," akasema, "Philip asikae na wapishi."

Abigail alikuwa na mandazi mdomoni. Akasema, "Sawa, sawa, kwani unakufa leo?" Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne, Profesa Alvin alimaliza kipindi cha asubuhi, akafuta ubao, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi mstari wa mbele. Moyo. Philip alifika hospitali na nguo za kiwandani, akaambiwa ni ndugu pekee wanaoingia. Abigail akafika baadaye na kitana bado nyweleni. Akaingia yeye.

Jioni hiyo kamati ya msiba ilikuwa imekwisha kaa sebuleni kwa Abigail. Mnatujua. Maiti haijapoa, kamati ina mwenyekiti, katibu na kikundi cha simu. Watu kumi na wawili, chai imekolea tangawizi. Fidel, anayefanya kazi duka la kuchapisha kule Ruwi, alikuwa amekuja na tangazo limechapishwa kabisa, rangi, na picha ya Prof akicheka. Susan akasimama kulisoma.

"Mtoto wa Mwalimu Zakayo Adagala na marehemu Peninah. Kaka wa Abigail. Mchumba wa Joy wa Kanada." Akainua macho. "Abi, tunahitaji picha ya Joy. Fidel ameacha nafasi hapa. Na Joy atasema maneno mawili kwa simu, au vipi? Maskini, hata viza hakuipata."

Watu wakaanza kumlilia Joy.

Abigail anasema alitafuta mahali pa kuweka macho. Aliangalia mlango wa jikoni. Philip alikuwa pale, amefunga aproni, anakatakata vitunguu vya watu kumi na wawili. Hakuna aliyemtuma. Aliingia tu, kwa sababu sebuleni hapakuwa na mahali pake.

Mlango ukagongwa. Akaingia Bi Muhsina, baibui jeusi, sufuria ya pilau mikononi, mjukuu wake Balqees nyuma na bakuli la kachumbari. Akampa Abigail mkono wa pole. Akawapa wengine. Kisha akatupa macho jikoni, akasimama.

"Ah! Ndo nini hivi? Nani kamtia mfiwa jikoni?"

Susan akasema kwa heshima, "Mama, mfiwa ni Abigail. Umeshampa mkono."

"Abigail mdogo wake, namjua, nishampa. Mie nnakuuliza huyu." Akanyoosha kidole. "Huyu nnaemuona anakata vitunguu. Kwetu mfiwa hashiki kisu wala hashiki chungu, majirani ndo hupika. Sie tumepika toka saa nane, ndo hiyo pilau. Nyie mmekaa mnakunywa chai, yeye mmemsimamisha motoni! Ndo mila gani hiyo?"

"Mama, huyu ni Philip, rafiki tu…"

"Nna macho mie," Bi Muhsina akasema, wala si kwa ukali. Akampa Balqees sufuria, akaingia jikoni, akamnyang'anya Philip kisu, akamshika mikono yote miwili yenye vitunguu. "Pole, mwanangu. Mungu akupe subira."

Philip hakuwa amelia tangu asubuhi. Akalia hapo, kwa sauti, mtu mzima, na kila mtu sebuleni akasikia kilio kile ni cha nani kwa nani.

Na Abigail akasimama. "Joy hayupo," akasema.

"Yuko Kanada," Fidel akasema.

"Hayuko Kanada. Hayuko popote. Nilimtunga nikisuka."

Wasikilizaji wapendwa, natamani ningekuwepo! Susan aliweka kikombe chini. "Abi. Miezi kumi na mitatu."

"Najua."

"Nilifunga, Abi. Siku tatu, na nilikuwa zamu ya usiku."

"Najua, Susan. Nisamehe."

"Nilimwambia Mungu jina lake! Mpaka Mungu mwenyewe atakuwa alitafuta kwenye daftari!" Mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Fidel akacheka. Kicheko kikashika nyumba nzima, cha msiba, kile kinachouma mbavu. Kisha kikaisha, na wote wakabaki wanaangalia jikoni. Kila mmoja pale alijua neno moja likitoka nje ya mlango ule, Philip atapoteza kazi, au zaidi ya kazi.

Susan ndiye aliyesogea kwanza. Akamwendea Philip, akamfungua aproni kwa nyuma, akajifunga yeye. "Nenda ukae kando ya Abi," akasema. "Na wewe Fidel, hiyo karatasi ichane."

Philip akaenda akakaa. Watu wakapanga mstari, wakampa mkono, mmoja mmoja, hakuna aliyesema zaidi ya pole. Watu kumi na wawili, Wakenya, na wiki mbili nzima hakuna hata mmoja aliyetoa habari nje. Mimi, ninayejua hadi nani Ruwi kabadilisha pazia, sikusikia! Nimesikia juzi, Philip alipokwisha rudi Kenya pamoja na jeneza, tena kwa kuambiwa.

Lakini sebule ya Darsait ni kitu kimoja. Chavakali ni kingine. Kesho yake asubuhi Abigail alimpigia babake.

Mwalimu Zakayo ana miaka themanini na mbili. Baada ya ile televisheni hakuzungumza na mwanawe miaka miwili. Kisha siku moja akamtumia barua, ndani yake swali la jiometri lililomshinda tangu ujana. Hakuna salamu, swali tu. Alvin akalijibu. Mwezi uliofuata likaja jingine. Wakaendelea hivyo, baadaye kwa simu, na salamu zikarudi polepole. Lile jambo lenyewe hawakuligusa. Philip alifika Chavakali mara moja tu, likizo moja, akatambulishwa kama rafiki. Alikaa siku mbili juu ya kisima akitengeneza pampu.

Abigail akasema, "Baba, kuna mtu lazima aandikwe kwenye tangazo."

"Nani?"

"Philip."

"Philip wa pampu?"

"Huyo."

Anasema alisikia kuku wa babake kwenye simu kwa muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kugombana. Alikuwa ameamua, mzee akikataa, atasoma tangazo lake mwenyewe kando ya kaburi, hata wamtoe.

"Mimi nimefundisha darasa la saba," mzee akasema mwisho. "Si mjinga. Mtu hakai siku mbili kwenye kisima cha baba wa mtu kwa sababu ya urafiki." Akakohoa. "Mjomba wako atasema maneno."

"Atasema, Baba."

"Mchungaji hatakuja."

"Hatakuja." Na kweli, wasikilizaji wapendwa, amekataa.

"Basi nitaendesha maombi mwenyewe. Niliendesha gwaride la watoto mia sita." Kuku tena. "Huyo Philip ana mama?"

"Anaye. Kangundo."

"Mmemwambia?"

Abigail hakuelewa. "Kumwambia nini, Baba?"

"Msiba, Abigail! Mtamzikaje mtu wakwe hawajaambiwa? Mpigie. Mwambie nimeweka viti vya mbele, yeye na watu wake. Wakifika nisiwakute wamesimama." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika, akampa simu jirani.

Tangazo limeletwa hapa kituoni asubuhi ya leo, kwa mwandiko wa Mwalimu Zakayo, ule wa ubaoni. Ameniomba nilisome kama lilivyo.

"Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Profesa Alvin Adagala, aliyefariki Muscat, Oman. Mtoto wa Mwalimu Zakayo Adagala na marehemu Peninah, wa Chavakali. Kaka wa Abigail. Mwenzi wa Philip Musembi kwa miaka tisa. Mkwe wa Mama Ruth Musembi wa Kangundo. Mwalimu wa wengi. Mazishi ni Jumamosi, saa nne kamili, nyumbani kwao Chavakali. Anayekuja kugombana aje saa kumi, tutakuwa tumemaliza."

Saa kumi hiyo kaiandika mzee mwenyewe. Sikuongeza.

Kwa niaba ya kituo hiki, pole Mwalimu Zakayo. Pole Abigail, umetuchekesha na umetimiza. Pole Mama Ruth, ambaye nasikia amekodi basi dogo na anakuja na wanawake ishirini wa kikundi chake. Pole wanafunzi wa Muscat. Pole ninyi wa Nairobi wenye namba mbili mbili, mnajijua. Na pole kwako, Philip. Nimekula kwenu miaka mingi, nikakuona unaosha vyombo, nisijiulize. Pole, ndugu yangu.

Na sisi tuliobaki, tutafakari kitu kimoja wiki hii. Msiba wa mwisho uliokwenda, nani alikuwa nyuma ya hema? Ulipita karibu naye ukachukua sahani. Je, ulimuuliza amefiwa na nani?

Jumamosi, Chavakali, saa nne. Nimempigia Abigail kabla ya kuingia hewani, nikamuuliza chakula nani anasimamia. Susan ametua Nairobi jana, na aproni yake. Philip hapiki.